Aliyekwenda na Bwana Kipenga

...maana angeweza kufa, wenzake wengi walikufa, mtu gani anapigana vita viwili, anafungwa na Warusi miaka kumi, halafu anarudi na meno yake yote na kuja kutembea mbele ya ofisi ya shamba la Ngombezi kwa viatu vya turubai, anawapa wazee mkono mmoja mmoja kama bwana harusi, angekufa tu kimya kimya huko kwao na mambo yangekwisha, nani angekuja kuuliza, aliwaza Sadala, wa sita na wa mwisho katika mstari, jua limemkalia utosini na kofia ameikamata mkononi kwa sababu karani Eliasi amewaambia wavue, vueni kofia wazee wangu, jenerali anapita, nao wakavua, watu wazima na mvi zao, Uhuru una mwaka na nusu na bado mtu akisikia Mdachi, yaani Mjerumani, anapita kichwa kinajivua chenyewe. Nyuma yao, kivulini mwa baraza, wanawake wamekalia magunia, wote ila mmoja, na Sadala hakuwa na haja ya kugeuka ili ajue ni nani aliyesimama. Shemeji Chausiku hajakaa tangu waliposhuka kwenye lori la Handeni saa mbili asubuhi. Nikikaa kanga itajikunja, amesema, na bintiye Mashavu amembembeleza, mama kaa, miguu itavimba, amekataa, anataka Hiza aikute kanga imenyooka.

Hiza, ee Mola wangu... Hiza, kaka yake Sadala, tumbo moja ziwa moja, mume wa huyo mwanamke aliyesimama, ambaye kwa miaka arobaini na saba sasa yuko Ulaya kwa Bwana Kipenga, anakula mkate, anavaa viatu, hapati nafasi ya kuandika barua, ndivyo inavyojulikana Handeni, na Handeni inajua hivyo kwa sababu Sadala mwenyewe ndiye aliyeiambia, na ni Sadala huyu huyu, peke yake chini ya jua hili, anayejua kwamba Hiza hakufika Ulaya, hakufika hata Morogoro, aliishia mto Lukigura, siku nne tu za kutembea na mizigo kutoka mlangoni kwake. Siku nne. Kuku aliyepotea hutafutwa mbali kuliko hapo. "Kampuni gani?" jenerali anamwuliza mzee wa kwanza, sauti imekuwa nyembamba lakini Kiswahili hakijaoza, ni kile kile cha amri, kifupi, hakina tafadhali, na mzee anajibu kwa kishindo, ya kumi na tatu, bwana, na jenerali anaitikia, "Ndiyo, nakumbuka. Askari hodari," na Eliasi anatoa kwenye boksi kipande cha sabuni na pakiti ya sukari, zawadi ya kampuni ya mashine, anamkabidhi mzee, na wanasogea.

Amekuwa mfupi. Au sisi ndio tuliokuwa tumelala chini, ukilala chini kila mtu mrefu... Wakati ule alikuwa luteni, kijana wa miaka ishirini na tano, mwembamba, filimbi inaning'inia kifuani kwa uzi mwekundu, ndipo watu wakamwita Bwana Kipenga, jina lake la kwao hakuna ulimi ulioliweza, na leo anauza mashine, Eliasi ameeleza vizuri asubuhi, jenerali ni mtu mkubwa katika kampuni inayotengeneza mashine za korona, zile za kukamulia mkonge, amekuja kuonyesha mpya, ila yeye hajui hata skrubu moja ya mashine hizo, wapo mafundi vijana kwa kazi hiyo, lake yeye ni kupeana mikono, jina ndilo linalouza. Kazi nzuri kwa mzee. Alipotoka kifungoni kwa Warusi jeshi lake halikuwapo tena, Eliasi anasema alikaa mwaka mzima kwa binti yake akilisha sungura, jenerali mzima, halafu akaandika kitabu juu ya vita vya huku, akaanza kuitwa kwenye karamu ahutubie wazee wenzake jinsi Waafrika walivyompenda na kumfuata bila kushurutishwa, kitabu kikampa jina, jina likampa kampuni, kampuni ikampa tiketi ya ndege, na ndege imemleta mpaka hapa, bila kushurutishwa, Sadala nusura acheke.

Maana safari yote hiyo ya huyu mtu, luteni, kapteni, meja, mpaka jenerali, mpaka mfungwa, mpaka mfuga sungura, Chausiku ameifuata hatua kwa hatua kuliko mke wake mwenyewe wa huko. Habari zilikuwa zinafika tu, kwa kuchelewa, kupitia mameneja wa mashamba ya mkonge na wapishi wao, na kila ilipofika mtu alikimbia Handeni kumwambia mama Mashavu, bwana wa mumeo kapandishwa cheo! Naye angecheka kwa aibu kama mwari, aseme basi na Hiza naye watakuwa wamemtazama, na mwaka ule Bwana Kipenga alipofika umeja alichinja jogoo, kwa ajili ya Hiza, akamletea Sadala paja, kula shemeji, wewe ndiye uliyemwona wa mwisho. Akalila. Alilila lile paja, alifanyaje, angelikataa angesema nini... Na mwaka wa hamsini na moja fundi mmoja Mjerumani akaleta neno kwamba jenerali yuko gerezani kwa Warusi, na Chausiku akaanza sadaka, kila Ijumaa, uji wa mtama kwa watoto wa chuo cha Kurani, miaka minne ya Ijumaa, katika nchi ambayo mvua ikikosa mara moja watu wanachimba mizizi, uji wa kumwombea mtu atoke kifungoni, na mtu mwenyewe mifupa yake... Sadala alipita pale Ijumaa nyingi. Watoto walimwita, babu karibu uji. Alisema ameshiba.

"Kampuni gani?" Wa pili. Ndiyo, nakumbuka, askari hodari. Anakumbuka wote? Au ndiyo salamu yake tu, kama sisi tunavyosema hatujambo na huku mtoto anaumwa... Wa tatu ni Lukasi, huyu shetani Lukasi wa laini ya chini, kwenye nyumba za vibarua, baba yake aliletwa kukata mkonge baada ya vita kwisha, yeye mwenyewe kazaliwa hapa hapa Ngombezi, mchanga kabisa, mvi amezipata kwa gongo, amejipenyeza mstarini kwa ajili ya sukari na kila mtu anajua, wazee wameguna, Eliasi amejitia hamnazo, na jenerali anasimama mbele yake, anamwangalia kwa macho ya samawati yenye majimaji, kampuni gani, na Lukasi bila kupepesa, "Zote, bwana!" na watu nyuma wanabana vicheko kwa ncha za kanga, na jenerali, haraka, bila kuwaza, "Ndiyo, nakumbuka. Askari hodari."

Hapo ndipo jambo lilipomjia Sadala. Huyu hamkumbuki mtu. Huyu atasema ndiyo kwa lolote. Basi... basi akifika hapa nitamwuliza tu, wasikie wote, bwana, unamkumbuka Hiza, mtu wako wa Handeni, naye atasema ndiyo, nakumbuka, mtu hodari, na nikiendelea, nikisema tulisikia alifia huko kwenu bwana, kwa ugonjwa, na mlimzika vizuri, ndiyo, atasema ndiyo, atatikisa kichwa, pengine atamshika Chausiku mkono, na Chausiku atalia kilio chake alichokiweka miaka arobaini na saba, watakaa matanga, watu watakuja na unga, siku ya arubaini wataanua, naye atakaa eda yake yule bibi kama mwanamke mwingine yeyote, atapumzika, na mimi... mimi nitakuwa ndugu wa marehemu tu. Maneno matatu. Kinywa cha jenerali kitaubeba uongo wangu kama yalivyobebwa masanduku yake. Ni nani atakayeumia? Hakuna atakayeumia. Ni sadaka hiyo, Sadala, ni rehema, mwenye busara yeyote angekushauri hivyo, alijiambia, na moyo ukamwenda mbio, wa furaha hasa, furaha ya mwizi aliyekuta mlango haukufungwa.

Wa nne. Asimame pale kidogo, asije upesi. Kwa nini uliusema ule uongo wa kwanza, wewe mwanaharamu... Kwa sababu waliuliza wawili kwa pamoja, mama yake na Chausiku, na Chausiku alikuwa amempakata Mashavu ana miezi mitatu, Hiza yuko wapi, na ulimi ukakimbilia penye kivuli, Bwana Kipenga amempenda sana, amekwenda naye, vita vikiisha atampeleka Ulaya. Alikusudia kuusahihisha siku ya pili. Ya pili mama yake alikuwa anaimba. Basi wiki ijayo, basi baada ya mavuno, na uongo ukaota mizizi, ukazaa mpaka na ushahidi, kwa kuwa mwaka wa ishirini na mbili Mbaruku mwenye ng'ombe alimtaka Chausiku, mtu mwema, alimtaka kweli, na mwalimu wa msikiti akasema mume aliyepotea miaka yote hii ndoa inaweza kuvunjwa, ila kama yuko mtu anayejua kuwa yu hai aje aseme, akaitwa Sadala, akaketi mkekani mbele ya mwalimu, na Chausiku nyuma ya pazia, ukumbi mdogo unanuka ubani, na akasema yu hai. Wallahi akasema. Kwani angesema nini, angesema amekufa wangemwuliza umejuaje, umemwona akifa, mbona ulitwambia vingine... Mbaruku alirudi mara mbili zaidi. Mwisho akaoa Makuyuni, akazaa watoto tisa. Chausiku akabaki na mmoja, na jembe, na kila mwaka kanzu moja mpya ya kiume anayoishona kwa mkono na kuiweka sandukuni, maana huwezi kujua Hiza amenenepa kiasi gani.

Wa tano sasa, na sauti ile, kampuni gani, na harufu ya sabuni ya jenerali tayari inafika, sabuni na kitu kingine, dawa ya maungo. Na hapo, hakuita, hakutaka, akamwona Hiza, si wa Lukigura, wa nyumbani, amechuchumaa mbele ya mlango wake saa nne asubuhi anakula bada, ugali wa muhogo. Nchi nzima ilikuwa imekimbilia porini, Waingereza wanashuka kutoka kaskazini, Wadachi wanarudi nyuma na wanakamata kila mwenye mgongo wa kubeba, vijiji vitupu, mbwa tu, na Hiza hakukimbia. Hakukimbia kwa sababu Sadala alimwambia asikimbie. Mimi ni mnyapara wa mizigo ya Bwana Kipenga, kaka, watu ishirini wako chini yangu, wewe lala na mkeo mwenye mimba, hakuna atakayekugusa. Na usiku ule mtu mmoja wa Kerenge alikuwa ameikata kamba waliyofungwa wapagazi, akatoroka kwenda kwao, na asubuhi kipenga kitalia, vichwa vitahesabiwa, na mnyapara ambaye mstari wake una kumi na tisa anapigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, na kisha mzigo anaubeba mwenyewe. Sadala alikuwa na miaka kumi na tisa. Kiboko alikuwa amekiona kikifanya kazi. Na katika nchi nzima ile iliyokimbia alikuwa anamjua mtu mmoja tu ambaye yupo nyumbani. Kaka, njoo mara moja, unisaidie kufunga mzigo. Chausiku akatoa kichwa mlangoni, mwache amalize chakula, shemeji. Na yeye akasema, hatakawia.

Ndiyo. Hayo ameyakumbuka mara nyingi, mpaka yameota sugu. Na Hiza alipoona kamba hakupiga kelele, alimtazama tu, akasema, kumbe, na akainamisha shingo, kwa kuwa mtu hapigani na mdogo wake mbele ya watu. Siku ya tatu akaanza kuhara damu. Ya nne wakafika Lukigura, mizinga inasikika nyuma, na Hiza akaanguka, na Bwana Kipenga akaja, huyu, huyu hapa, akatazama saa, akasema, mzigo chukua, mtu acha, na Sadala akafungua fundo kwa meno maana damu... na Hiza akafa. Akafa pale pale, chini ya mti, kando ya maji. Ndivyo ilivyokuwa. Alikufa, wakaondoka. Alikufa kwanza, ndipo wakaondoka... Ndivyo.

"Kampuni gani?"

Mkono ulikuwa umeshanyooshwa mbele yake, mkono mdogo, safi, una madoadoa ya uzee, na Sadala akasikia sauti yake ikijibu kwamba yeye hakuwa askari, bwana, alikuwa mnyapara wa wapagazi wako, na jenerali akatabasamu, "Ndiyo, nakumbuka. Askari hodari," na nyuma, kutoka barazani, Chausiku akasema kwa sauti ya chini, ya heshima, sauti ya mtu aliyengoja zamu yake bila kusukumana na yeyote, "Shemeji. Muulize." Sasa. Maneno matatu, yako tayari ulimini, unamkumbuka Hiza bwana, na ndiyo yake iko tayari pia, inangoja nyuma ya yale meno, na Sadala akamtazama usoni akakitafuta kile alichokiogopa maisha yake yote, akaona mzee amechoka na jua, macho yamekwishahamia kwenye gari, kwenye kivuli cha gari, anataka kwenda kunywa maji. Huyu hajabeba kitu. Hilo ndilo lililomjia Sadala, kwa ghafla na kwa ubaridi, huyu mtu hajawahi kubeba kitu, kila siku ya maisha yake palikuwa na mtu wa kumbebea, na leo nimekuja na mzigo wangu mwenyewe nataka kumtwika, na hata hautamwelemea, ataupokea kama anavyopokea salamu, na utakuwa umepotea, na Hiza atakuwa amepotea mara ya pili, safari hii kwa kinywa cha mtu asiyejua hata jina lake. Hiza alinijua mimi. Alikuja kwa sababu niliyemwita ni mimi.

Akauacha ule mkono. Akageuka, akampa jenerali mgongo, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifanya mbele ya ofisi ile, na Eliasi akasema mzee, mzee, jenerali yuko huku, na mstari wote ukageuza shingo, na Sadala akamwona Chausiku kama alivyo, bibi mfupi, kanga imenyooka, kikapu mkononi, uso umenawiri kwa kungoja, akatamani kufa kabla ya kufungua kinywa, na hakufa. "Shemeji," alisema, "usimngoje tena. Hiza hakwenda Ulaya. Yuko Lukigura, tangu mwaka ule ule. Mimi ndiye niliyemwita nikamtia kambani, nami nikaja kukudanganya." Alikuwa amejitayarisha. Miaka yote hii amejitayarisha kwa yowe, kwa laana, kwa mate usoni, kwa neno kwa nini, kwa Mashavu kumwuliza baba mdogo umetufanyia nini, na Mashavu ameshasimama kweli na mkono kinywani, lakini Chausiku hakulia wala hakulaani, alisogea hatua mbili akamkaribia, akamtazama kama mtu anayesoma herufi ndogo, na akauliza kile ambacho mwanamke yeyote wa kwao angeuliza kwanza, kabla ya hasira na kabla ya machozi, "Nani alimwosha?"

Na palikuwa na mto pale. Maji tele. Angeweza kusema mimi, shemeji, nilimwosha kwa mikono yangu, nikamvika sanda ya shuka langu, nikamlaza kuelekea kibla, na angeaminiwa, aliuona uso ule uko tayari kabisa kumwamini kwa mara nyingine, na angepewa hata shukrani, na papo hapo, kwa kuwa uongo ule ulikuwa mtamu mno, kile kifo alichokiweka chini ya mti miaka arobaini na saba kikabomoka, kikabaki kilichokuwapo, vidole vya kaka yake juu ya kifundo cha mguu wake, na yeye akivibandua kimoja kimoja, na sauti, si ya hasira, sauti ya kuomba radhi kabisa, ningoje kidogo mdogo wangu, nitaweza kutembea... Mkono wa jenerali ulikuwa bado uko hewani nyuma yake, na Eliasi bado anaita mzee, mzee.

"Hakuna, shemeji," alisema Sadala. "Nilipomwacha alikuwa bado anasema nami."